Chumba cha Mgonjwa Nyanda za Juu: Hewa Iingie, Baridi Ibaki Nje

Baba yangu mdogo alifanyiwa upasuaji wa ngiri mwezi Juni, akaruhusiwa, akarudi nyumbani kijijini, nje kidogo ya mji wa Njombe. Siku ya nne nikapigiwa simu: anakohoa, mshono unamvuta, na kichwa kinamuuma tangu alfajiri. Mimi ni muuguzi, na katika ukoo wetu simu za namna hiyo huja kwangu kwanza. Nilipobisha hodi akanipokea mama mdogo.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu. Ingia upesi ufunge mlango, baridi isimfikie baba yako."

Dirisha la chumbani lilikuwa limezibwa kwa mfuko wa mbolea, na juu ya mfuko blanketi. Kando ya kitanda kulikuwa na jiko la mkaa uliokolea vizuri, mwekundu, hautoi hata moshi. Mama mdogo naye kichwa kilikuwa kinamgonga, akidhani ni uchovu wa kukesha. Nikalitoa jiko nje, nikafungua dirisha, nikawakalisha wote wawili barazani kwenye jua wakiwa wamejifunika, kisha nikawapeleka zahanati wakaangaliwe. Mchana ule ule vichwa vikatulia. Kikohozi kilichukua siku mbili zaidi kupungua, na kilipopungua mshono ukaacha kumvuta, maana kila anayekohoa husukuma ukuta wa tumbo kutoka ndani, na ukuta huo ndio ulioshonwa.

Dawa zake zilibaki zile zile alizotoka nazo wodini. Tulibadilisha chumba tu.

Tangu siku hiyo, kila ninapomruhusu mgonjwa nauliza habari za chumba atakacholala kabla sijaeleza vidonge. Nimeandika mwongozo huu kwa familia za huku kwetu: Mbeya, Rungwe, Njombe, Makete, Mufindi, Iringa. Usiku wa Juni na Julai joto letu hushuka chini ya nyuzi 10, na kule Kitulo sakitu hulala juu ya majani. Baridi hiyo imetuzoesha kuziba kila tundu, na kuziba huko ndiko kunakomrudisha mgonjwa hospitali na homa ya mapafu.

Jambo hili ni la zamani katika kazi yetu. Florence Nightingale, katika maelezo yake ya uuguzi ya mwaka 1859, aliliweka la kwanza kabisa: hewa anayovuta mgonjwa iwe safi kama ya nje, bila kumtia baridi. Alikuwa amejifunza kwa uchungu. Mwezi Novemba 1854 alifika hospitali ya kijeshi ya Scutari, Uturuki, akiwa na wauguzi 38. Walifua, walipika, walifunga vidonda, na bado askari waliendelea kufa kwa wingi majira yote ya baridi. Machi 1855 ikaja tume ya afya kutoka Uingereza, ikazibua mifereji ya maji machafu iliyopita chini ya jengo na kufungua njia za hewa. Ndipo vifo vikashuka. Mikono iliyouguza ilikuwa ile ile. Jengo ndilo lililorekebishwa.

Hatua ya 1: Lala kwenye kitanda chake kabla hajafika

Siku moja kabla mgonjwa hajarudi, ingia chumba mlichomwandalia, funga mlango, ulale chali kitandani dakika 10. Usifanye kitu kingine. Nusa. Sikiliza. Tazama juu, tazama pembeni. Utagundua mambo ambayo ukisimama mlangoni huyaoni: upepo wa chini ya mlango unaopiga usoni, mashine ya kusaga ya jirani, taa inayochoma macho, harufu ya choo.

Katika nyumba nyingi za huku, chumba cha akiba ndicho stoo. Humo mna mbegu za viazi, mahindi yaliyotiwa dawa, magunia ya mbolea, na bomba la kupulizia lenye masalia ya sumu ya ukungu wa viazi. Vyote hivyo vitoke, hata kama itabidi vilale sebuleni kwa mwezi mzima. Mtu mwenye mapafu dhaifu halali na dawa za shamba.

Kama mna vyumba vya kuchagua, chagueni chenye dirisha la mashariki, kilicho karibu na choo, na kisichopakana na jiko la kuni.

Hatua ya 2: Fungua hewa

Tazama juu ya madirisha. Nyumba nyingi za matofali ya kuchoma zilijengwa na matundu ya hewa pale juu, na wenye nyumba wakayajaza matambara. Yatoe. Hewa iliyotumika, ikiwa na joto la pumzi, hupanda na kutokea hapo, na upepo wa matundu ya juu haumpigi aliyelala chini.

Kisha, mara tatu au nne kwa siku, fungua dirisha pamoja na mlango ulioelekeana nalo kwa dakika 10 hadi 15. Tundu moja peke yake hupunga kidogo sana. Hewa inataka pa kuingilia na pa kutokea. Kabla ya kufungua, mfunike mgonjwa mpaka mabegani na mvishe kofia. Anza saa nne asubuhi jua likishapasha, na umalize kabla ya saa kumi na moja jioni. Usiku acha dirisha wazi kwa upana wa vidole viwili, upande ulio mbali na kitanda.

Kwa mwenye kifua kikuu, au anayekohoa bila sababu kujulikana, fungua zaidi ya hapo. Vimelea vya kifua kikuu huelea hewani kwa saa nyingi katika chumba kilichofungwa. Upepo huvitawanya na jua huviua. Ila kioo huzuia sehemu kubwa ya mionzi inayoviua, kwa hiyo dirisha lililofungwa, hata liwe na kioo safi namna gani, halitoshi. Utafiti uliofanyika katika hospitali za Lima, Peru, na kuchapishwa mwaka 2007, uligundua kwamba vyumba vya zamani vyenye dari refu na madirisha mapana yaliyo wazi vilibadilisha hewa vizuri kuliko vyumba vya kisasa vilivyotegemea mashine. Ukiingia wodi ya zamani yenye dari refu ukaona madirisha yamefunguliwa wakati wa baridi, usiyafunge kwa huruma. Mwombe muuguzi blanketi la pili.

Hatua ya 3: Tafuta joto pasipo moto

Hapa ndipo familia nyingi hukosea, kwa upendo mtupu, basi nitakaa hapa kidogo.

Jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala. Lisiingie hata kwa nusu saa ya kupasha, wala likiwa limefunikwa majivu. Mkaa unapoungua katika hewa haba hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Moshi ukiisha watu husema sasa mkaa ni salama. Kinyume chake: gesi hii hutoka hata mkaa ukiwa mwekundu na msafi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, na usingizi mzito. Mgonjwa mwenye upungufu wa damu, mjamzito na mtoto mchanga huathirika haraka kuliko wengine. Watu wawili wa chumba kimoja wakiumwa kichwa kwa wakati mmoja, watoe nje kwanza, halafu waende hospitali.

Joto la mgonjwa lianzie chini yake. Mtu hulundikiwa mablanketi matatu juu huku baridi ikipanda kutoka sakafu ya saruji kupitia godoro jembamba. Weka maboksi yaliyokunjuliwa au mkeka juu ya chaga, kisha godoro, kisha blanketi moja, ndipo shuka. Sogeza kitanda hatua moja kutoka ukuta wa nje. Ukuta wa tofali usiku wa Julai hunyonya joto la aliyeuegemea. Kama nyumba haina dari, tundika mashuka ya zamani kama dari juu ya kitanda, yawe juu sana yasiguse taa, na yasizibe matundu ya hewa.

Mavazi yawe ya tabaka nyepesi nyingi kuliko koti moja zito. Vesti ya pamba, fulana, sweta, soksi, kofia. Koti zito humlemea mgonjwa, humzuia kujigeuza, na akitoka jasho hulowa mpaka ndani.

Chupa ya mpira ya maji moto inafaa, kwa masharti. Maji yasiwe yaliyochemka, kizibo kikazwe, chupa ivalishwe soksi nene, itangulizwe kitandani kupasha shuka, kisha itolewe mgonjwa anapolala. Mwenye kisukari cha muda mrefu au aliyepooza kwa kiharusi asiwekewe chupa miguuni kabisa. Hasikii kuungua, na lengelenge moja la kisigino linaweza kuchukua miezi kupona.

Ukipata kipimajoto cha ukutani, kitundike usawa wa kitanda. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa makazi wa mwaka 2018, linapendekeza chumba cha watu wa maeneo ya baridi kisishuke chini ya nyuzi 18. Makete mwezi Julai hutafika huko bila moto, najua. Ndiyo maana nasisitiza kitanda na mavazi: joto la chumba likigoma, lile la chini ya blanketi linabaki mikononi mwako.

Mwogeshe saa nane mchana, kiungo kimoja kimoja, ukifunika kilichooshwa kabla hujafunua kingine. Mtoto mchanga wa siku ya kwanza haogeshwi. Asubiri saa 24, akae kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja. Kifua cha mama ndilo joto salama kuliko yote kwake.

Hatua ya 4: Geuza kitanda kielekee uhai

Mwaka 1984 mtafiti wa Marekani, Roger Ulrich, alichapisha ulinganisho wa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu yao madirisha yalielekea miti, nusu yalielekea ukuta wa matofali. Walioona miti waliruhusiwa mapema kidogo na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache.

Sisi tuna miti kila upande. Basi mgonjwa asilale akitazama kabati. Kitanda kikae namna ambayo, akiinua kichwa, anaona dirisha na mlango pamoja: migomba, ukungu ukipanda bondeni, ng'ombe wakirudi, mtu anayepita njiani akimpungia mkono. Baba mdogo, tulipogeuza kitanda, alianza kuhesabu viroba vya parachichi vinavyopakiwa kwa jirani, na siku iliyofuata akataka kutoka kwenda kuangalia bei. Nikamwachia, kwa fimbo, akiwa na mtu pembeni.

Mwanga una kazi nyingine. Macho yakipata jua asubuhi na giza usiku, mwili hujua saa. Wazee wanaolala chumba chenye giza mchana na taa usiku huanza kuchanganyikiwa, wakaita marehemu, wakataka kwenda shamba saa nane za usiku, na familia ikadhani ni jambo la kishirikina. Fungua pazia saa moja asubuhi. Tundika kalenda na saa ya ukutani mahali anapoviona. Mrudishie miwani yake.

Hatua ya 5: Kitanda, ngozi, na usafi

Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa 2, mchana na usiku. Ubavu wa kushoto, chali, ubavu wa kulia. Ukimlaza ubavu usimsimamishe kabisa juu ya nyonga. Mwinamishe kidogo, mto nyuma ya mgongo. Weka mto chini ya mapaja na miundi, visigino vining'inie bila kugusa godoro. Usitumie ringi ya mpira wala ya kitambaa: hubana damu pembeni ya pale unapotaka kupaokoa.

Kila asubuhi kagua mfupa wa mkia, nyonga, visigino, mabega na kisogo. Vitabu vingi husema tafuta wekundu, ila kwa ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani mapema. Gusa kwa mgongo wa kiganja: pana joto kuliko pembeni? Pamekuwa pagumu, au panabonyea? Pameiva rangi? Ukipapata, asilale tena upande huo, na usipasugue.

Shuka libadilishwe likilowa, hata kama ni mara nne kwa siku, na likunjuliwe mpaka lisiwe na mkunjo. Rungwe, ambako mvua hukata siku chache tu, kufua si tatizo. Kukausha ndiko tatizo. Kausha jikoni juu ya kamba, mbali na moshi, kisha piga pasi. Shuka lenye unyevu huchubua ngozi na kumtia baridi.

Damu, usaha au matapishi yakimwagika, tumia jiki. Ile ya asilimia 3.5, kipimo kimoja cha jiki kwa vipimo sita vya maji, ukitengeneza mpya kila siku. Usiichanganye na dawa nyingine ya choo. Nje ya mlango weka kibuyu chirizi na sabuni, ili kila anayeingia anawe bila kuuliza maji yako wapi. Kinachofanya watu wasinawe mara nyingi ni umbali wa maji.

Hatua ya 6: Njia ya chooni

Choo chetu kiko nje, uwanja una utelezi, na saa tisa usiku kuna giza na baridi. Wazee wengi wanaovunjika nyonga huanguka katika safari hiyo. Usiku asitoke: weka ndoo yenye kifuniko chini ya kiti cha mbao kilichotobolewa, hatua mbili kutoka kitandani, na taa ya sola karibu na mkono wake. Mchana atembee, kwa viatu vilivyofungwa nyuma, si ndala na soksi. Kutembea mapema baada ya upasuaji hulinda mapafu na kuzuia damu kuganda miguuni. Akiwa macho, kila saa avute pumzi ndefu mara 10, na akitaka kukohoa akumbatie mto mdogo juu ya mshono.

Hatua ya 7: Wageni na kelele

Methali inasema mgeni njoo, mwenyeji apone, nami nimeona wageni waliomponya mtu kweli. Mjane aliyelala siku tatu bila kula akanywa uji kwa sababu wanajumuiya walimwimbia. Sitaki wageni wafukuzwe. Nataka wapangwe.

Familia ichague mtu mmoja wa mlangoni, hasa shangazi au bibi mwenye heshima, ambaye neno lake halileti ugomvi. Kazi yake ni kupokea salamu, kunawisha mikono, na kuingiza wawili wawili kwa robo saa. Wengine wanywe chai sebuleni. Mwenye mafua asalimie kwa dirishani. Viti viwekwe, watu wasikae kitandani. Kitanda kikitikisika mshono unauma. Saa saba mchana hadi saa tisa hakuna mgeni, hata mchungaji, naye akielezwa ataelewa.

Mazungumzo ya mgonjwa yasifanyiwe kwa minong'ono nyuma ya mlango. Nightingale alilalamikia hilo miaka zaidi ya 160 iliyopita, na ni kweli mpaka leo: mgonjwa huusikia mnong'ono nusu, na nusu iliyobaki huijaza kwa hofu. Ama zungumza mbele yake, ama nenda mbali kabisa. Na yule mgeni anayeanza, "Ugonjwa kama huu ndio uliomwondoa fulani," mtu wa mlangoni amtoe kwa upole akamwoneshe bustani.

Usiku redio izimwe, simu ziwe kimya, na dawa zipangwe pamoja pale daktari anaporuhusu, ili mgonjwa aamshwe mara chache. Hamu ya kula hupotea kwa asiyelala. Chakula chenyewe kiwe kidogo na mara nyingi: uji wa ulezi wenye maziwa, parachichi, maharage yaliyopondwa, yai, ndizi. Ulanzi na komoni vingoje, hata kikombe kimoja cha "kupasha mwili". Pombe hupanua mishipa ya ngozi, mtu akasikia joto huku joto lenyewe likimtoka.

Hatua ya 8: Daftari la mlangoni

Tundika daftari na kalamu. Kila anayemhudumia aandike saa, alichokula, mkojo, choo, upande aliolala, joto la mwili, na dirisha lilifunguliwa lini. Mama mdogo hakusoma sana; alichora duara kwa uji na mstari kwa dirisha, nikaelewa kila kitu.

Msisubiri tarehe ya kliniki mkiona homa ya nyuzi 38 au zaidi, kidonda kinachotoa usaha au harufu au kilichofunguka, kupumua kwa shida, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kutopata mkojo kutwa, au kuchanganyikiwa kwa ghafla. Mzee anaweza kuwa na homa ya mapafu bila joto kupanda. Huacha kula tu, akawa mzito wa kujibu. Mkimpeleka, bebeni dawa zote zilizobaki, karatasi ya kuruhusiwa, na daftari hilo, na mwelezeni muuguzi wa zamu chumba anacholala kikoje, kama kina dirisha, na mnakipashaje joto.